Choc ya Papa

Wiki hii tunahamisha vitu vya nyumba ya baba yangu, na mimi nimechoka. Nasema hivyo mapema ili msitegemee furaha nyingi. Wenye umri wangu wanaijua kazi hii: mzazi amekwenda, matanga yamekwisha, ndugu wametawanyika kila mmoja na shughuli zake, na mtu mmoja tu, kwa kawaida binti anayeishi karibu, anabaki kufungua kabati na kuamua sufuria ipi iende kwa nani. Nimekunja makoti, nimefunga vyombo kwenye magazeti, nimebeba. Watu wakaniuliza mbona silii. Kulia nako kunataka nguvu.

Jana niliusogeza mlango wa chumba chake ili nitoe kitanda, mlango ukagoma. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha mti wa mkaratusi, kinene upande mmoja, kimechongwa chembamba upande wa pili, cheusi kwa mafuta. Nikainama kukitoa, harufu ikanipata: mafuta ya lori, matope makavu, na ule ukali wa mkaratusi usioisha hata ukae miaka. Nikakaa chini sakafuni, katikati ya magazeti na vikombe. Hapo ndipo nililia, tena sana, hadi majirani wakaja kuchungulia.

Kiswahili cha vitabuni kinaita kitu hicho kabari. Sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunasema kale, neno tulilolichukua kwenye Kifaransa, na kila mtu mjini analijua, maana mji wetu ni milima mitupu na gari lisilowekewa kale linaweza kuamkia kwenye paa la jirani. Lakini ubavuni mwa kale ya baba kuna maandishi ya rangi nyeupe iliyofifia, na neno hilo si la kwetu. CHOCK, ndivyo ilivyoandikwa. Ni Kiingereza.

Siku hizi kazi yangu ni kutafsiri. Nakaa katikati ya mtu anayesimulia na mtu anayeandika, kutwa nzima, na ninayapitisha maneno ya mmoja kwenda kwa mwingine. Watu wanakuja na mambo mazito, na karibu kila mmoja, akifika mahali ambapo sauti inakatika, ananiambia, "Maman, niko na choc." Tunalitamka shok, kama Wafaransa, na maana yake ni ule mshtuko unaomwingia mtu usitoke. Nimeligeuza neno hilo mara nyingi hadi limeniingia kwenye mifupa. Jioni nikipanda ngazi za mtaani kwetu nahisi kama nimebeba mizigo ya watu ambao hata majina yao sitakiwi kuyakumbuka. Na kila mtu akisema ana choc, kabla sijafikiria neno la kuliweka mahali pake, naona kwanza kipande cha mkaratusi.

Papa alikuwa shofere wa kamio, yaani lori, ya mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini. Alipeleka Kamituga sukari, sabuni, bia na vitenge kwa wachimba dhahabu, na akarudi na mafuta ya mawese, ndizi, na watu waliokaa juu ya ndizi. Kamio ilikuwa imenunuliwa upande wa Uganda, kwa hiyo usukani wake ulikuwa kulia, na kwetu magari yanapita kulia. Maana yake Papa alikaa upande wa mtaro na hakuweza kuona gari linalokuja mbele. Aliyeona ni Tonton Cizungu, konvoyeri au utingo wake, aliyekaa kushoto na kumwambia "Pita" au "Ngoja". Papa alipita au alingoja. Nilipokuwa mtoto sikuona ajabu yoyote hapo. Sasa najiuliza ni watu wangapi nimewahi kuwaamini namna hiyo.

Kamio ikikosa nguvu mlimani, Tonton Cizungu ndiye aliyeruka chini na kale mkononi, akakimbia nyuma, akaitia nyuma ya gurudumu ili kamio isirudi. Akija kwetu kula, aliiacha mlangoni, nami nikaikalia. Ilikuwa imefunikwa matope na mafuta, hakuna aliyejua kama ina maandishi. Alipenda kunitania. Siku moja nilimuuliza kwa nini mwalimu anaanza hadithi zote na "Hapo zamani za kale". Nilidhani ni habari za makamio.

"Eh, Sifa," akanijibu, bugali mdomoni. "Njo zamani ile frein haikukuwa. Kulikuwa kale tu."

Maman akacheka hadi akaweka sahani chini. Mimi niliamini kabisa, na kwa muda mrefu, kila niliposikia hadithi ya sungura na fisi, niliwaza wako juu ya mlima na gari lao halina breki.

Kisha ukaja msimu wa mvua ambao sipendi kuukumbuka. Papa alirudi kutoka njia ya Kamituga bila kamio, amepakiwa nyuma ya pikipiki ya mtu, matope hadi kwenye nyusi, na begani kagunia. Maman alikimbia kumpokea. Papa alimpita. Aliingia, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akatoa kale kwenye gunia, akaiweka magotini. Waliokuja na habari ni wengine: kamio ilirudi nyuma mlimani, na Tonton Cizungu alikuwa nyuma yake.

Walimzika kwao Mumosho. Papa hakwenda. Maman alimtolea shati jeusi, akalipiga pasi, akaliweka kitandani, na shati likakaa pale. Papa alishika kitambaa na kufuta kale. Alifuta asubuhi, alifuta mchana. Alikula akilishwa maneno kama mgonjwa, kula kidogo Papa Sifa, kunywa chai Papa Sifa, na hakujibu. Mwenye kamio akaja kuuliza atarudi kazini lini, akaondoka bila jibu. Lakini kilichomuumiza Maman zaidi ni salamu zilizotoka Mumosho. Mama yake Tonton Cizungu hakuwa anadai kitu. Alitaka tu Papa afike amwambie namna mtoto wake alivyokufa, kwa sababu Papa peke yake ndiye aliyekuwapo, na mpaka asikie hawezi kulala. Mtaani watu walianza kusema chini chini kwamba shofere hata kwenda kulia amekataa, kuna kitu anaficha.

Nilikuwa nimekaa uani nachagua lenga-lenga siku Maman Nabintu, jirani yetu muuza mikate, alipokuja kumtazama.

"Papa Sifa anaongea sasa?" akauliza.

"Bado, maman," Maman akajibu. "Iko na choc."

"Oh, choc ni mubaya. Lakini ikimutoka, atapona."

"Itamutoka lini? Banangojea ku Mumosho, na mutu wangu iko vile tu."

"Itamutoka. Umusaidie tu imutoke."

Niliyasikia hayo kama mtoto anavyosikia, yaani neno kwa neno. Iko na choc. Ikimtoka atapona. Nilikuwa nimejua kusoma mwaka ule na nilisoma kila kitu, makopo ya maziwa, mifuko ya saruji, mashati ya wapita njia. Nikainuka kupeleka mboga ndani. Papa alikuwa amesinzia, kale imelala magotini, na kwa sababu ya kufutwa kila siku ilikuwa imetakata. Herufi zilikuwa zimetokea. Nikazisoma polepole, kwa namna mwalimu alivyotufundisha Kifaransa. Ce, ache, o, ce. Choc. Kulikuwa na K mwishoni, nikaona aliyepaka rangi hakujua vizuri kuandika.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Watu wazima wote walikuwa wanahangaika, wanaomba, wanaleta mikate, na ugonjwa wa Papa ulikuwa magotini pake umeandikwa jina! Ile iliyokuwa kale ilikuwa imegeuka kule mlimani ikawa choc, na Papa alikuwa nayo. Kazi iliyobaki ilikuwa kumwondolea, na hakuna aliyethubutu isipokuwa mimi.

Niliichukua taratibu. Ilikuwa nzito, niliibeba tumboni kama mtoto mchanga. Nikatoka uani, nikashika njia inayoteremka bondeni, kule kwenye kijito kinachobeba taka za mtaa mzima. Nia yangu ilikuwa kuisukuma kutoka juu ibingirike yenyewe hadi majini. Nikaiweka kwenye mteremko, nikaisukuma kwa mguu. Ikaenda kidogo, ikakaa. Nikaisukuma tena kwa nguvu zote, ikajigeuza kwa ubavu, ikakaa. Nilifikiri inanikatalia kwa makusudi. Sikujua kuwa hicho ni kitu kilichochongwa maalumu ili kisiteremke, kwa hiyo niliipiga teke, nikaumia kidole, nikaanza kulia na kuitukana kwa matusi madogo niliyokuwa nayo.

Maman Nabintu alinikuta hapo, anapanda na beseni lake la mikate.

"Weye Sifa! Unapeleka wapi kale ya papa yako?"

"Haiko kale," nikasema. "Ilikuwa kale. Sasa ni choc. Angalia, banaandika. Ninaenda kuitupa ku mutoni, imutoke Papa."

Alitua beseni. Akainama, akasoma. Kwanza alicheka, kicheko cha tumboni, akashika kiuno. Halafu kicheko kikageuka katikati yake na nikaona anajifuta macho kwa kitenge.

"Kuya," akasema. "Kuya turudi, mutoto yangu. Tumuulize mwenyewe."

Tulikuwa bado hatujafika nyumbani niliposikia sauti. Ilinichukua muda kidogo kutambua kuwa ni ya Papa, kwa vile nilikuwa nimeanza kuisahau.

"Kale iko wapi? Nani alibeba kale? Nasema, kale iko wapi!"

Alikuwa amesimama uani, peku, shati nje. Alikuwa amepindua mabeseni, amepekua hadi chini ya kuku. Maman alisimama mlangoni mikono kichwani, na usoni mwake hofu na furaha zilikuwa zimechanganyika, kwa sababu mume wake alikuwa anapiga kelele, na anayepiga kelele anaongea. Mimi niliogopa tu. Nilijificha nyuma ya Maman Nabintu nikishikilia ule mti kwa mikono yote.

"Papa Sifa, usimupige mutoto," Maman Nabintu akasema. "Anasema hii ni choc yako. Alikuwa anaenda kuitupa ku mutoni, njo upone."

Papa hakunipiga. Alikuja, akaichukua mikononi mwangu, akaigeuza kwenye mwanga. Nina hakika alikuwa ameyaona maandishi yale alipokuwa akifuta, lakini mtu anaweza kutazama kitu siku nyingi asikisome. Alipitisha kidole juu ya herufi.

"Choc," akasoma. Alisoma kama nilivyosoma mimi, maana shule yake na yangu ni moja. "Kweli. Imeandikwa."

Akakaa chini pale pale uani.

"Kumbe Cizungu njo alikuwa anabeba choc," akasema. "Barabara yote ile. Miye nilikuwa nimekaa tu, nimeshika volant ya kamio."

Na akaanza kusema. Aliongea akitazama ule mti, si sisi. Alisema mlima ulikuwa unateleza kama sabuni, kamio ikaanza kurudi, naye akampigia Cizungu kelele atie kale. Cizungu akatia. Kale ikateleza ikatoka. Kamio ilikuwa inarudi polepole kuelekea ukingo wa udongo, ingeegemea pale, bidhaa zingemwagika, basi. Akampigia kelele tena aache, atoke.

"Lakini aliirudilia. Nilimuambia acha, iache iende! Akarudi kuiokota. Mara ya kwanza, miye njo nilisema tia kale. Miye. Nitaenda kumuambia nini maman yake?"

Maman alikuja akakaa karibu naye, kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri.

"Vile umetuambia," akasema.

Papa alivaa shati jeusi kesho yake. Tulikwenda Mumosho watatu, na kale aliibeba mwenyewe ndani ya lile gunia, hakutaka mtu amsaidie. Mimi nilipelekwa kwa sababu nilikataa kubaki. Nilikuwa bado nasubiri choc imtoke na nilitaka kuona inavyotoka.

Mama yake Tonton Cizungu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amekaa kwenye mkeka anachagua maharage. Alimwona Papa, akasogeza maharage pembeni, akampa nafasi. Papa alimwambia yote, bila kupunguza. Alisema hata lile neno, miye njo nilisema tia kale. Kisha akatoa ule mti, akauweka mbele yake, akainamisha kichwa kama anayengoja kupigwa.

Bibi yule aliitazama kale. Nje kulikuwa na mbuzi analia, nakumbuka nilitamani mtu amnyamazishe. Halafu bibi akauliza kitu kwa Mashi, lugha ya kwao, na kwa kuwa sikuelewa, Maman akanigeuzia sikioni kwa sauti ndogo.

"Anauliza kama mutoto wake alikuwa amekula."

"Alikula," Papa akajibu. "Asubuhi. Tulikula mihogo na samaki. Alikula muzuri."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole, mara kadhaa, kama mtu aliyelipata alilokuwa analitafuta. Akaigusa kale, akaipapasa ncha yake nyembamba, akairudisha mbele ya Papa. Safari hii alisema kwa Kiswahili, akimtazama Papa.

"Hii itanisaidia nini miye? Beba. Ukifika tena ku ile mulima, utaweka nini nyuma ya mupira?"

Papa alilia. Sijawahi kusikia mwanamume analia vile, na niliona haya, nikatoka nje kwa mbuzi. Nilisimama kule nikiwaza kwamba basi, ndiyo hiyo, inatoka. Kwa jambo moja nilikosea: nilidhani choc ikitoka inakwisha. Papa alirudi kwenye usukani, akapanda mlima ule tena na tena hadi magoti yakamkatalia, akapata konvoyeri mwingine na mwingine, na kila akirudi nyumbani aliitoa kale, akaifuta. Kuna siku alikuwa na sisi mezani na hakuwa na sisi. Tulijifunza kumngoja.

Kiingereza nilikipata baadaye, sekondari. Mwalimu alikuwa na kamusi moja ya darasa zima, na siku zamu yangu ilipofika sikutafuta upendo wala urafiki kama wenzangu. Nilitafuta CHOCK. Ikasema ni kipande cha kuzuia gurudumu lisiende. Nikaona neno zima limeporomoka: hakukuwa na kosa la kuandika, K ilikuwa mahali pake, na hata kutamka hatukujua, wenyewe wanaanza na ch ya chai. Nilikimbia hadi nyumbani na aibu yangu.

"Papa, ile haikukuwa choc. Ni Kiingereza. Maana yake ni kale. Kale tu."

Alikuwa anavua viatu. Alifikiri kidogo.

"Ah," akasema. "Sasa Bangereza nabo banajua ni kale." Akacheka, kisha akaweka kiatu chini. "Lakini weye uliisoma muzuri, Sifa. Uliisoma muzuri sana."

Nimesoma kamusi nyingi tangu siku ile na hakuna aliyenisifu hivyo tena.

Leo asubuhi gari la kubeba vitu limekuja. Ni pick-up kuukuu, na mtaa wa Papa ni mteremko kama ilivyo mitaa yote ya mji huu. Tulikuwa tumeshapakia kitanda, kabati na kile kiti cha mlangoni, gari likaanza kunung'unika na kurudi nyuma kidogo kidogo. Dereva akakanyaga, akatoa kichwa dirishani.

"Kale! Bantu, mutafute kale! Hata jiwe!"

Kale ya Papa nilikuwa nimeiacha kwenye veranda, kwa sababu tangu jana sikuwa nimeamua niipeleke wapi. Ndugu zangu kwa simu walisema itupwe. Nikaichukua, bado nzito, bado naibeba tumboni, nikampelekea. Dereva akashuka, akaipokea, na kabla hajainama akaona maandishi. Akayafuta kwa kidole gumba.

"Choc," akasoma. Akaniangalia. "Maman, choc hii ni ya nani?"

Ningeweza kumweleza. Ni kazi yangu, kueleza.

"Ilikuwa ya papa yangu," nikasema. "Sasa ni yangu. Weka nyuma ya mupira, tumalize kupakia."

Akaitia, akaipiga kwa kisigino. Gari likarudi kidogo, likaegemea, likasimama.